Hoja za Wanaokibeza Kiti Kishukacho

Ukubwa wa ubishi haupimwi kwa ukubwa wa kitu kinachobishaniwa. Miongoni mwa watu wapandao baiskeli za mlimani upo ubishi mkali juu ya bomba moja, urefu wake yapata dhiraa, ambalo kazi yake ni kuchukua kiti. Bomba hilo kwa desturi husimama tuli. Likishakazwa, kiti hubaki pale pale mpaka mpandaji ashuke, alegeze, apime na kukaza tena. Lakini liko bomba la namna nyingine, ambalo wapanda baiskeli huliita dropa, na ambalo kwa Kiswahili chepesi laweza kuitwa nguzo ishukayo. Mpandaji akibonyeza kiwenzo kilicho karibu na kidole gumba chake, akakikalia kiti, kiti hushuka. Akibonyeza tena pasipo kukikalia, kiti hupanda mahali pake. Yote hayo hutendeka baiskeli ikiwa mwendoni, na mikono yote miwili ikiwa katika usukani.

Swali lenyewe ni fupi: mtu mwenye baiskeli ya mlimani anunue nguzo hiyo au asinunue? Kwa asiyepanda baiskeli swali hilo laweza kuonekana kuwa mchezo wa matajiri. Lakini ndani yake mna jambo kubwa kuliko bomba. Mna usalama wa kiwiliwili, mna haki ya mwanafunzi kupewa zana ifaayo kazi yake, na mna tabia ya kale ya wanadamu ya kuyavika mazoea yao joho la fadhila. Makundi mawili yamelipotosha swali hilo. La kwanza ni la wabezaji, wasemao kwamba nguzo ishukayo ni mkongojo wa wavivu na waoga. La pili ni la wauzaji, wasemao kwamba hakuna baiskeli iliyo kamili bila nguzo hiyo. Makundi yote mawili yamekosea, lakini kosa la wabezaji ndilo liumizalo watu, na kwa hiyo lastahili kujibiwa kwanza.

Asili ya tatizo ni kwamba kiti cha baiskeli kimepewa kazi mbili zisizopatana. Katika kupanda mlima, au katika mwendo mrefu wa tambarare, kiti chatakiwa kiwe juu, ili mguu ujinyoshe karibu wote pedali ifikapo chini. Mfaransa Cyrille Guimard, na Mmarekani Greg LeMond aliyekuwa mwanafunzi wake, walieneza kanuni ya kuzidisha urefu wa mguu wa ndani kwa 0.883 ili kupata umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Mtu mwenye mguu wa sentimeta 80 apaswa kuwa na kiti kwenye sentimeta 70 na nusu hivi. Akikishusha chini sana ya hapo na kukiacha hivyo, nguvu zake hupotea bure, na magoti yake hupigwa faini ya kila mzunguko wa pedali.

Katika kuteremka mambo hugeuka. Kiti kile kile kilichokuwa rafiki wakati wa kupanda husimama kama kigingi kati ya mapaja ya mpandaji. Akitaka kuinama, humzuia. Akitaka kurudi nyuma, humpiga tumbo. Akitaka kuilaza baiskeli upande wa kona, humsukuma paja. Na ichukuliwe hesabu ya mfano. Uzito wa mpandaji pamoja na baiskeli yake waweza kufikiriwa kana kwamba umekusanyika katika nukta moja. Ikiwa nukta hiyo iko sentimeta 110 juu ya ardhi, na sentimeta 65 nyuma ya mahali gurudumu la mbele ligusapo ardhi, basi baiskeli iteremkayo kwa mwendo usiobadilika, ikizuiwa kwa breki, itaanza kupindukia mbele mteremko ufikapo digrii 30 na kidogo. Nukta hiyo ikishushwa hadi sentimeta 95 na kurudishwa nyuma hadi sentimeta 75, mpaka wa kupinduka husogea hadi digrii 38. Digrii hizo chache ndizo tofauti ya mtu afikaye bondeni akicheka na mtu afikaye ameshika mtulinga wake uliovunjika.

Wala faida ya kushusha kiti haiishii katika kurudi nyuma. Mtu arudiye nyuma mno hulinyima gurudumu la mbele uzito wake, nalo likikosa uzito huteleza kwenye kona. Mpandaji stadi hukaa katikati, akasimama juu ya pedali, akakunja magoti na viwiko, akaiacha baiskeli icheze chini yake wakati mwili wake umetulia. Kwa mchezo huo panahitajiwa nafasi kati ya mwili na baiskeli, na kiti kilicho juu ndicho kilichoikalia nafasi hiyo.

Baada ya kueleweka hivyo, hoja za wabezaji na zipimwe moja moja.

Hoja yao ya kwanza ni ya wazee. Husema kwamba waasisi wa baiskeli za mlimani waliteremka milima mikali bila nguzo ishukayo, na kwamba kizazi cha sasa kimelegea. Hoja hii hupendwa kwa sababu huonekana kuwa ni heshima kwa waliotangulia. Kwa kweli ni kuwasingizia. Mashindano mashuhuri ya Repack yalianza mwezi wa Oktoba 1976 katika wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco, katika jimbo la California. Njia yake ilishuka yapata meta 400 katika mwendo wa kilometa tatu hivi. Washindani walitumia baiskeli kuukuu zenye matairi manene, nyingine zikiwa zimetengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Breki za nyuma zilipata moto hata grisi ikageuka moshi, na baada ya mteremko ilibidi ekseli ijazwe grisi upya. Jina la mashindano lilitoka katika kazi hiyo ya kujaza tena. Hao ndio wazee wanaotajwa.

Basi wazee hao walifanya nini juu ya kiti? Joe Breeze, aliyekuwa mmoja wa walioshinda mara nyingi katika mteremko huo, na ambaye mwaka 1977 aliunda kwa mkono wake baiskeli iliyokusudiwa mlima tangu mwanzo, hakuridhika na kiti kisichosogea. Mwaka 1984 yeye na mwenzake Josh Angell walitoa kifaa kilichoitwa Hite-Rite. Kilikuwa springi iliyofungwa kati ya fremu na nguzo ya kiti. Mpandaji alifungua kibano kwa mkono, akakikandamiza kiti kwa uzito wake, akafunga. Alipotaka kupanda tena, alifungua, na springi ikakiinua kiti mahali pake. Hivyo haja ya kushusha kiti ni kongwe karibu sawa na mchezo wenyewe, na aliyeitafutia dawa ni mmoja wa waasisi. Yule anayeibeza nguzo ishukayo kwa jina la wazee humkana mzee mwenyewe mbele ya kazi ya mikono yake.

Kilichotokea baadaye ni kwamba katika miaka ya 1990 mashindano ya mbio za mlimani yaliyapa thamani mno mambo mawili, wepesi wa baiskeli na kasi ya kupanda. Kiti kilipandishwa, kikakazwa, kikasahauliwa, na watu wakajifunza kuteremka wakiwa wamening'inia nyuma yake. Desturi hiyo ya miaka michache ndiyo inayotetewa leo kana kwamba ni sheria ya kale. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 21 mafundi walirudia kazi iliyoachwa. Mwaka 2010 nguzo iitwayo Reverb ya kampuni ya RockShox ilianza kutumia mafuta na gesi iliyobanwa ili kiti kiweze kusimama katika kimo chochote. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ilitoa mtambo wa gia XX1 wenye gurudumu moja tu la meno upande wa mbele. Kwa hiyo kidole gumba cha kushoto, kilichokuwa kikibadilisha gia za mbele, kilibaki bila kazi. Kiwenzo cha kiti kikapata makao. Hakuna uvivu katika historia hii. Pana haja iliyongoja ufundi, na ufundi uliofika.

Hoja ya pili ni ya ustadi. Wabezaji husema, "Mchagua jembe si mkulima." Mpandaji hodari, kwa maneno yao, huteremka popote kwa kiti chochote, na anayetaka nguzo ishukayo akajifunze kwanza. Methali hiyo ni ya haki, lakini wanaoitumia wameipeleka shamba lisilo lake. Inamkemea mtu asimamaye kivulini akigeuza majembe huku msimu unapita. Haimkemei mkulima wa ardhi ya mawe akataaye jembe la mpini mfupi mno, kwa sababu mgongo ni wake. Aidha, hodari mwenyewe hakuzaliwa hodari. Alijifunza kwa kuanguka, na wengine walioanza pamoja naye waliacha mchezo kwa sababu ya kuanguka huko huko. Kuhesabu waliosalia na kuwasahau walioumia ni hesabu ya mfanyabiashara adanganyaye daftari lake.

Hapa ndipo ubishi unapoacha kuwa wa mabomba na kuwa wa maadili. Fahari ya hodari haimgharimu yeye, humgharimu mwanafunzi. Kijana ambaye hajazoea mteremko husikia dhihaka, akaona haya kushusha kiti, akaingia katika mawe kiti kikiwa kimemsimamia chini ya tumbo. Mwanafunzi huyo ndiye mwenye haja kubwa ya nafasi ya kuinama, kwa maana bado hajui kuipata kwa hila za mwili. Kumnyima zana kwa kisingizio cha kumfundisha ni kama kumnyima mwanagenzi wa ubaharia kamba ya usukani mpaka kwanza ajue pepo zote. Mafunzo hayapungui kwa sababu ya zana njema. Mtu aliyekishusha kiti bado ana breki za kujifunza, kona za kujifunza, na macho ya kufundishwa kutazama mbali. Kilichopungua ni adhabu tu, na adhabu si mwalimu pekee aliyepata kuumbwa.

Hoja ya tatu ni ya uzito, na hii ina nambari, kwa hiyo yaweza kujibiwa kwa nambari. Nguzo ya kawaida ina gramu 200 hadi 300 hivi. Nguzo ishukayo, kwa kadiri ya urefu na bei yake, mara nyingi ina gramu 400 hadi 700. Tofauti na ihesabiwe kuwa gramu 400. Mtu na baiskeli yake na maji yake wakiwa kilo 85, gramu 400 ni chini ya nusu ya sehemu moja katika mia. Katika mlima mkali ambao humchukua saa nzima kuupanda, ongezeko hilo litamchelewesha sekunde 17 hivi. Yeye alegezaye kibano kileleni, akashusha kiti kwa mkono, akakaza, kisha akafanya hivyo tena bondeni akipima kwa jicho kama kiti kimerudi mahali pake na kama kinatazama mbele sawasawa, amekwisha kupoteza zaidi ya hizo. Na yeye asiyekishusha kabisa huzilipa sekunde hizo katika kila kona anayoikanyaga breki kwa hofu.

Ushahidi wa jambo hili umetoka mahali ambapo wabezaji hawakuutazamia. Tarehe 19 Machi 2022 zilifanyika mbio za barabarani za Milan hadi San Remo, katika Italia, mwendo wa kilometa 293. Mshindi alikuwa Matej Mohorič wa Slovenia. Alifika kilele cha kilima cha Poggio karibu na viongozi, kisha akawaacha katika mteremko wake wenye kona nyingi, na katika baiskeli yake ya barabarani alikuwa ameweka nguzo ishukayo. Waendeshaji wa mbio hizo huhesabu gramu kama sonara ahesabuvyo dhahabu. Tena chama cha dunia cha mchezo huo kilikuwa kimekataza, tangu Aprili 2021, mtindo wa kukaa juu ya bomba la fremu wakati wa kuteremka. Mohorič alitafuta njia nyingine, ya halali, ya kuushusha mwili wake. Ushindi mmoja haumlazimishi kila mtu kununua, lakini unatosha kulifunga shauri la gramu.

Hoja ya nne ni ya gharama na kuharibika, na katika hoja hii wabezaji wana sehemu ya haki. Nguzo ishukayo huuzwa kwa bei ianziayo dola 150 hivi, na zilizo bora hupita dola 500. Ndani yake mna gesi, mafuta, vilango na mipira ya kuziba, na vyote hivyo ni adui wa vumbi na matope. Waya wake hulegea au hushika kutu. Gesi ikivuja, kiti huanza kuzama polepole chini ya mwenyewe. Baadhi ya nguzo za mafuta haziruhusu hata baiskeli kuinuliwa kwa kukishika kiti kilichoshushwa, kwa kuwa hewa huvutwa ndani na kuchanganyika na mafuta. Yeye asiye na fundi wa karibu, wala vipuri, wala fedha ya matengenezo ya kila mwaka, anunua fadhaa pamoja na starehe. Ukweli huu usifichwe. Lakini hoja ya gharama humwambia mtu apime mfuko wake. Haimpi mwingine ruhusa ya kumwita mwoga.

Sasa na waje wauzaji. Hao wamegeuza haja ya baadhi kuwa faradhi ya wote. Humuuzia nguzo ishukayo mtu aendaye kazini katika lami, na mtu apitaye katika njia za msitu tambarare, na mtu ambaye breki zake zimechakaa na matairi yake yamekuwa laini kama kiganja. Kwa watu hao nguzo hiyo ni pambo. Mchukuzi apitaye na magunia ya mkaa au mikungu ya ndizi juu ya baiskeli yake haihitaji hata kidogo. Usalama una daraja zake. Kwanza ni kofia ngumu, kisha breki zishikazo, kisha matairi yenye meno, kisha ndipo kiti. Muuzaji arukaye daraja tatu ili afikie ya nne, kwa kuwa ya nne ndiyo yenye faida nono, hana ubora juu ya mbezaji. Mmoja huuza fahari, mwingine huuza hofu.

Basi kipimo cha haki ni ardhi. Kabla ya kutazama bei, mnunuzi na aitazame njia anayoipita kila juma, ajiulize ni mara ngapi kiti chatakiwa kuwa juu, na mara ngapi chatakiwa kuwa chini, katika safari moja. Ikiwa njia yake ni mlima mmoja mrefu wa kupanda na mteremko mmoja mrefu wa kushuka, kibano cha mkono chamtosha: asimame kileleni, apumzike, ashushe kiti, aende zake. Kibano ni rahisi, hakina mafuta, na humfaa sana akaaye mbali na karakana. Lakini ikiwa njia yake hupanda na kushuka kila baada ya mita mia, penye mizizi, mawe na kona, hakuna mtu awezaye kushuka mara 30 katika asubuhi moja, na ukweli ni kwamba hakuna ashukaye. Huacha kiti juu na kujihatarisha, au hukiweka katikati. Na hilo la katikati, ambalo wengi hulisifu kwa jina la kiasi, ni hasara ya pande mbili: ni chini mno kwa goti lipandalo, na juu mno kwa tumbo lishukalo.

Akishaamua kununua, na apime kabla ya kulipa. Kipenyo cha ndani cha bomba la fremu lichukualo kiti hakiwi kimoja katika baiskeli zote. Vilivyoenea ni milimeta 27.2, 30.9 na 31.6, na tofauti ya sehemu ya milimeta huifanya nguzo isiingie au icheze. Fremu nyingi za zamani zina kile kipenyo chembamba cha 27.2, ambacho hupunguza uchaguzi. Tena kina cha bomba hilo kipimwe, kwa maana fremu nyingine zimepindwa au zina misumari ya kushikia chupa ya maji inayozuia nguzo ndefu isizame. Atazame kama fremu ina tundu la kupitishia waya kwa ndani; isipokuwa nalo, ziko nguzo ambazo waya wake hupita nje. Na achague urefu wa kushuka kwa kadiri ya mguu wake, asije akanunua nguzo ndefu ambayo, hata ikizamishwa mpaka mwisho, yamwacha akipapasa pedali kwa ncha za vidole.

Hukumu ya haki basi ni hii. Mtu apitaye katika miteremko ya kweli, yenye kubadilika mara kwa mara, ambaye breki na matairi yake ni mazima, na ambaye ana njia ya kuitunza, anunue nguzo ishukayo bila kuona haya, wala asingoje kibali cha hodari yeyote. Asiyekuwa na mteremko wa namna hiyo abaki na fedha yake, wala asidanganywe kwamba amepungukiwa. Asiyekuwa na fedha atumie kibano, ashuke, ashushe kiti, na wanaotaka kumcheka wamcheke, atawakuta bondeni. Kwa maana mlima haumwulizi mtu amepata wapi ustadi wake, wala hautofautishi mifupa ya shujaa na mifupa ya mwoga. Aliyekiweka kiti juu kwa ajili ya macho ya watu, ardhi itamngojea chini.